Mwanafunzi wa Kubuni na Kozi Tunazoziandika

Wakenya wa rika langu hawahitaji kufunzwa jinsi mtu mmoja wa kubuni anavyoweza kusimama mahali pa watu wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati madai ya katiba mpya yalipokuwa yamepamba moto, Rais Daniel arap Moi aliuliza kwa kejeli iwapo Wanjiku anajua katiba ni nini. Wananchi walilishika jina hilo, mchoraji Gado akalipa sura katika vibonzo vyake, na hadi leo mwanasiasa, wakili au mwanahabari wa Nairobi anayetaka kumzungumzia raia wa kawaida humtaja Wanjiku na kila mtu akaelewa. Mhusika huyo amesaidia kuzua maswali mazuri: je, Wanjiku ataielewa sheria hii ikiandikwa hivi, ataimudu ada hii, ataifikiaje ofisi hii? Vilevile amesemewa mengi ambayo hakuna Wanjiku yeyote aliyeulizwa. Pande hizo mbili hunijia akilini kila idara yetu ya Kiswahili inapokaa kuandika upya kozi, kwa sababu kwa muda sasa tumekuwa tukitumia wanafunzi wa kubuni katika kazi hiyo, na nina maoni kuhusu namna wanavyofaa na namna wanavyoweza kupotosha.

Mbinu yenyewe ilitoka kwa waunda programu za kompyuta, na aliyeieneza zaidi ni Mmarekani Alan Cooper, aliyeieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1999. Malalamiko yake yalikuwa kwamba kila mhandisi husema anamjali mtumiaji, huku mtumiaji huyo akibadilika kulingana na hoja ambayo mhandisi anataka kuitetea siku hiyo: leo ni mjuzi wa kompyuta, kesho ni mtu asiyejua lolote. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kumwandika mtu mahususi, mwenye kazi, malengo na mazoea yake, kisha kubuni programu kwa ajili ya huyo na kumtumikia huyo. Katika mikutano ya vyuo vikuu neno mwanafunzi hutumiwa kwa ulegevu uleule. Mwenzangu akitaka kuongeza vitabu vya lazima, mwanafunzi huwa mtu mwenye muda tele. Akitaka kupinga mtihani wa maelezo marefu, mwanafunzi huyohuyo huwa mtu aliyelemewa.

Mtu anaweza kudhani kwamba mhadhiri asiyetumia mbinu hii hana mwanafunzi wa kubuni kichwani mwake. Ninaamini anaye, ila hajamwandika. Isome kwa makini ruwaza ya kozi yoyote, yaani mpango wake ulioandikwa, na utamwona: anaishi hosteli au hatua chache kutoka lango la chuo, kwa hiyo mhadhara wa saa moja asubuhi haumsumbui, ana kipakatalishi chake na umeme wa kuaminika, karo yake imelipwa kabla ya muhula kuanza, hajaajiriwa, halei mtoto, hauguzi mzazi, anaona, anasikia, na lifti inapokwama anapanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila kuhema. Mara nyingi mwanafunzi huyo ni mhadhiri mwenyewe alipokuwa na miaka ishirini, akiwa ameondolewa matatizo yote aliyokuwa nayo wakati huo.

Anapotetewa, hutetewa kwa jina la wastani, kwamba kozi haiwezi kumtazama kila mtu na hivyo afadhali imlenge aliye katikati. Jeshi la Anga la Marekani liliwahi kuifikiria hoja hiyo kwa vipimo. Mwaka 1950 lilipima miili ya maelfu ya marubani wake ili kujua ukubwa unaofaa wa chumba cha rubani, na mtafiti kijana aitwaye Gilbert Daniels akachukua vipimo 10 vya marubani 4,063 na kutafuta ni wangapi waliokaribia wastani katika vipimo vyote kumi. Hakumpata hata mmoja. Ndege iliyoundwa kwa ajili ya rubani wa wastani ilikuwa haijaundwa kwa ajili ya rubani yeyote, na jeshi likaanza kudai viti na mikanda inayorekebishika. Darasa la vyuo vyetu vya umma hutofautiana kwa mambo mengi kuliko urefu wa mikono na upana wa kifua, na sijui ni kwa nini tuamini kwamba katika ukumbi wa mihadhara ndiko mtu wa wastani alikojificha.

Kazi yetu ilianza kwa kukusanya yale ambayo tayari tulikuwa tunayajua bila kuyaweka pamoja. Tulipitia barua za kuomba kuongezewa muda, tukawasikiliza viongozi wa madarasa ambao hupokea malalamiko kabla hayajamfikia mhadhiri, tukaketi na wahudumu wa maktaba na maafisa wanaoshughulikia wanafunzi wenye ulemavu, na tukazungumza na wanafunzi waliokubali kutueleza jinsi juma lao linavyokwenda. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Kuna wanaoketi mezani na kahawa, wakabuni wanafunzi sita kabla ya chakula cha mchana, na matokeo yake ni dhana za wahadhiri zilizovishwa sare.

Tatizo lililotuchukulia muda kuliko tulivyotarajia lilikuwa majina. Vitabu vya mbinu hii hushauri kwamba mhusika apewe jina na picha ili aonekane mtu halisi, na kwingineko ushauri huo huenda hauna madhara. Nchini Kenya jina huja na kabila, mara nyingi na dini, na nyuma yake mizaha yote ambayo tumeisikia tangu shule ya msingi. Mara tu tunapoandika kwamba mlinzi wa usiku anaitwa fulani, nusu ya wanaosoma wameshajua anatoka wapi na wanahisi kwamba hali yake ni ya watu wa kwao, na nusu nyingine wanajiuliza ni kwa nini kabila lao ndilo lililopewa umaskini. Nilipendekeza tuwaite kwa mahali au kwa jambo linalotawala juma lao, na pendekezo hilo likapita. Kwa hiyo tuna Mwanafunzi wa Zamu ya Usiku, tuna anayesoma kwa Kusikiliza, tuna wa Lugha ya Ishara, tuna wa Lamu, tuna Mama wa Mwaka wa Pili, na tuna Msabato. Majina hayo yana ukavu fulani, lakini hakuna aliyewahi kuyacheka.

Mwanafunzi wa Zamu ya Usiku anaishi Kayole na analinda ghala katika Eneo la Viwanda kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Anatoka lindo, anapanda matatu kuja mjini, na mvua ikinyesha nauli hupanda na barabara husimama. Hana kipakatalishi, simu ndiyo maktaba yake, daftari lake na njia yake ya kuwasilisha kazi, na bando analolinunua ni la siku moja moja. Ana saa nyingi za ukimya langoni ambazo mwanafunzi wa hosteli hana, na ameshayasoma mashairi yote ya kozi kabla ya juma la tatu, jambo ambalo wale wanaomwandika kwa huruma husahau kuliweka. Anachokosa ni uwezo wa kuwepo darasani saa mbili asubuhi akiwa macho, na uwezo wa kufungua faili nzito.

Faili hizo nzito zilikuwa desturi yetu sote. Sura ya kitabu hupigwa picha ukurasa baada ya ukurasa, ikatumwa katika kundi la WhatsApp la darasa, na mhadhiri akahesabu kwamba ametoa nyenzo. Kwa mwanafunzi wa Kayole hiyo ni bando la siku nzima. Kwa mwanafunzi anayesoma kwa Kusikiliza ni karatasi tupu, kwa kuwa yeye haoni, na programu ya kusoma skrini kwa kawaida husoma herufi tu, haisomi picha za herufi. Programu kama NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia ambaye mwenyewe haoni, hupatikana bila malipo, hivyo kikwazo hakikuwa bei ya kifaa. Kilikuwa ni sisi na kamera zetu. Tulipokubaliana kwamba kila andiko litolewe likiwa maandishi halisi, faili ilipungua uzito kwa mmoja na ikapata sauti kwa mwingine, na uamuzi ulikuwa mmoja tu.

Katika somo la ushairi mambo yalikuwa mapana zaidi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoona faida ya kumfuata mhusika hadi kwenye ukurasa. Mshororo wa shairi la kimapokeo una ukwapi, kipande chake cha kwanza, na utao, kipande cha pili, na wachapaji wengi hupenda kuvipanga vipande hivyo katika visanduku viwili vilivyokaa bega kwa bega. Jicho huvuka kutoka kisanduku hadi kisanduku bila kufikiri. Programu ya kusoma skrini huweza kusoma kisanduku cha kwanza chote, kisha cha pili chote, ikampa msikilizaji ukwapi wa ubeti mzima ukifuatwa na utao wake, na shairi likawa si shairi tena. Jambo jingine ni lugha ya faili: ikiwa haijabainishwa kuwa ni Kiswahili, sauti ya Kiingereza hulisoma shairi kwa matamshi ya Kiingereza, na vina ambavyo mwanafunzi ameambiwa avibainishe hupotea masikioni mwake. Marekebisho yote mawili huchukua muda mfupi kwa anayejua, na hakuna mwongozo wa jumla kuhusu ujumuishi ambao ungetufikisha hapo. Tulifika kwa kuuliza tu, huyu mtu mmoja, akifungua ukurasa huu, atasikia nini?

Mwanafunzi wa Lugha ya Ishara alituzulia swali gumu zaidi, kwa kuwa lilihusu lengo la kozi lenyewe. Ruwaza yetu ya zamani ilitaka mwanafunzi aghani shairi mbele ya darasa na apewe alama kwa sauti na mahadhi. Je, tulichokuwa tunapima ni koo au uelewa wa muundo wa shairi? Tulijadili kwa muda, na wengine wetu walishikilia kwamba ushairi wa Kiswahili ni wa kuimbwa tangu asili, jambo ambalo ni kweli. Hata hivyo, washairi wa lugha za ishara nao wana urari wao, kwa mfano kurudia umbo lilelile la mkono katika ishara zinazofuatana, na mwanafunzi anayeweza kulitafsiri shairi la Kiswahili kwa Lugha ya Ishara ya Kenya akahifadhi urari wake amefanya kazi nzito kuliko aliyekariri na kughani. Sasa ruwaza inasema uwasilishaji wa shairi, ikaacha njia wazi. Kuna jambo dogo pia la darasani ambalo wahadhiri wengi hawalifikirii: kiziwi hawezi kumtazama mkalimani na kuandika wakati huohuo, kwa hiyo kumwambia achukue nukuu kama wengine ni kumwambia achague sentensi za kuzikosa. Nukuu zinazotolewa kabla ya mhadhara humwondolea uchaguzi huo, na Mama wa Mwaka wa Pili, ambaye siku nyingine hufika amechelewa kwa sababu ya mtoto, hunufaika nazo vilevile.

Wa Lamu aliwashangaza wenzangu, maana katika idara ya Kiswahili tulidhani aliyezaliwa na lugha hiyo hana tatizo. Tatizo lake ni kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kufuatia uamuzi wa mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na yeye amekua akisema Kiamu, lahaja ileile iliyotunga sehemu kubwa ya tenzi tunazomfundisha. Katika insha zake hukatwa alama kwa maumbo ambayo katika shairi la darasa husifiwa. Mwongozo wetu wa kusahihisha sasa unatenganisha kazi ambamo usanifu ndio unaopimwa na kazi ambamo haupimwi.

Nikirudi kwenye mbinu yenyewe, sisi walimu wa fasihi tuna kipimo chetu ambacho wahandisi hawakuwa nacho. Tunawafundisha wanafunzi wa shule za upili kutofautisha mhusika bapa, ambaye ana sifa moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mhusika duara, anayebadilika na anayeweza kumshangaza msomaji. Wanafunzi wengi wa kubuni niliowasoma katika ripoti za vyuo ni bapa: kipofu ambaye ni kipofu tu, maskini ambaye ni maskini tu, mama ambaye hana wazo lingine ila mtoto. Mhusika wa namna hiyo hutoa suluhu bapa, aghalabu ofisi ya kumpeleka au fomu ya kujaza. Kwa hiyo tunamtaka kila mhusika awe na jambo analolifanya vizuri kuliko wenzake, jambo analolitaka ambalo halihusiani na shida yake, na angalau sababu moja inayoweza kumfanya aikatae huduma tuliyomwandalia. Anayesoma kwa Kusikiliza, kwa mfano, hataki kufanyia mtihani katika chumba cha peke yake, ingawa tunaamini kumtenga huko ni kumheshimu.

Wahusika hao pia wanapaswa kuketi pamoja katika kikao kimoja, kwa kuwa mahitaji yao hugongana. Mfano ni saa ya mwisho ya kuwasilisha kazi. Mfumo wa masomo ya mtandaoni ulikuwa ukifungwa Ijumaa saa tano na dakika hamsini na tisa usiku, saa ambayo hakuna aliyeichagua kwa kufikiri. Mlinzi wa usiku yuko lindo. Msabato ameingia Sabato tangu jua lilipotua, na hawezi kuandika hadi jioni ya Jumamosi. Mama anamlaza mtoto. Tulipojaribu Jumamosi mchana hali ikawa ileile kwa Msabato. Tulipojaribu Jumapili usiku mlinzi akawa ameshaanza juma lake jipya. Tulitulia kwenye Jumatatu adhuhuri, ambayo haimfai kila mtu kikamilifu lakini haimzuii yeyote. Kwa mihadhara iliyorekodiwa mgongano ulikuwa mkali zaidi: video yenye mkalimani wa ishara ni nzito kwa simu ya Kayole, sauti peke yake ni nyepesi lakini haimfai kiziwi. Tunatoa zote mbili pamoja na maandishi, na ni maandishi ndiyo yanayofunguliwa na wengi.

Nimesikia pingamizi kwamba yote haya ni kushusha viwango. Pingamizi hilo nalichukulia kwa uzito, maana lipo ambalo ni la kweli: kuna marekebisho yanayoondoa ugumu ambao ndio somo lenyewe. Njia ya kujua tofauti ni kulitaja lengo kwanza. Wataalamu wa shirika la CAST la Marekani, ambalo lilianza mwaka 1984 na ndilo lililounda mfumo wa ubunifu wa ujifunzaji kwa wote, hushauri kwamba mwanafunzi apewe njia zaidi ya moja ya kuvutiwa na somo, ya kuipokea maarifa na ya kuonyesha alichojifunza, huku lengo likibaki mahali pake. Lengo likiwa kuchanganua muundo wa utenzi, basi saa ya kuwasilisha, uzito wa faili na umbo la uwasilishaji havimo ndani yake na vinaweza kulegezwa. Kuuelewa utenzi wenyewe hakulegezwi kwa yeyote. Isitoshe, Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzifikia taasisi za elimu na ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine zinazofaa za mawasiliano, hivyo anayeomba maandishi yanayosomeka haombi hisani.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni jingine, nalo hutoka kwa wanafunzi. Mfumo wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023 uliwapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao, na malalamiko ya familia zilizodai kuwekwa katika kundi lisilo lao yalisikika nchi nzima. Mwanafunzi aliyepitia hayo ana kila sababu ya kutuangalia kwa shaka tunapomwambia kwamba tumebuni aina za wanafunzi. Jibu langu ni kwamba mhusika wetu haamui chochote kuhusu mtu halisi: hakuna anayeulizwa ni mhusika gani, hakuna anayepewa muda zaidi kwa sababu anafanana naye, na marekebisho yote yako wazi kwa darasa zima. Siku mhadhiri atakapomtazama mwanafunzi na kumwambia kwamba yeye ni yule wa Zamu ya Usiku, mbinu itakuwa imeharibika. Kwa sababu hiyohiyo tunachanganya maelezo ya watu wengi katika mhusika mmoja, maana katika darasa lenye kiziwi mmoja tu kila mtu angejua habari zake zimetoka kwa nani.

Ziko pia shida ambazo wahusika hawa hawazigusi. Hawalipi karo, hawatengenezi lifti, hawaajiri wakalimani, na hawamsaidii mhadhiri wa kibarua anayefundisha vyuo vitatu kwa juma moja kupata muda wa kugeuza picha kuwa maandishi. Nimeona uongozi wa chuo kimoja ukipamba ripoti kwa wanafunzi wa kubuni waliochorwa vizuri huku mlango wa ukumbi mkuu ukiwa na ngazi tu, na sioni haja ya kueleza mengi juu ya hilo.

Wahusika wetu huandikwa upya, na tumeanza kuwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho kazi ya kuwakosoa, kwa kuwa wao ndio wenye mamlaka ya kusema yupi amepitwa na wakati na yupi hajawahi kuwepo. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi linatarajiwa kuingia vyuo vikuu mwaka 2029, likiwa limesomea shule za upili pevu zenye mikondo, bila kupitia mtihani wa kidato cha nne tulioujua sisi. Hakuna hata mmoja katika idara yetu aliyewahi kuwa mwanafunzi wa aina hiyo, kwa hiyo mhadhiri wa miaka ishirini aliye vichwani mwetu hatatufaa kwa lolote. Tumeanza kuwatembelea walimu wa shule za upili pevu hapa Nairobi kuwauliza wanafunzi hao husoma nini, kwa kifaa gani, na ni kazi za namna gani wanazozizoea, na mhusika wa 2029 bado ni ukurasa wenye maswali mengi kuliko majibu.